Talaso na Picha ya Muhanga

Talaso alikuwa na miaka sita. Aliishi na baba yake kwenye hifadhi ya wanyama, kule kwenye nchi kavu ya mchanga na miiba.

Baba alikuwa mlinzi wa wanyama. Aliwajua wote kwa nyayo zao.

Lakini muhanga? Miaka mitatu sasa, hakuna aliyemwona.

"Ana masikio marefu kama ya punda," Baba alisema. "Mchana analala shimoni. Usiku anatoka kula mchwa. Watu wanasema wamekwisha hapa. Lakini leo nimeona shimo jipya! Tukipata picha moja tu, wataamini."

"Twende wote, Baba!"

"Utaweza kunyamaza?"

"Nitaweza!"

Usiku ulipoingia, walilala kifudifudi mchangani, mbele ya lile shimo. Kamera ya Baba iliona hata gizani.

*Kimya, kimya, tumngoje.*
*Atatoka, tumwone.*

Kwaru, kwaru, kwaru! Mchanga uliruka. Pua ndefu ikachungulia.

"Hik!"

Lo! Talaso ameshikwa na kwikwi! Pua ikarudi ndani. Fyu!

"Pole, mama," Baba alinong'ona. "Kunywa maji."

Talaso akanywa. Gu, gu, gu.

*Kimya, kimya, tumngoje.*
*Atatoka, tumwone.*

Kwaru, kwaru, kwaru! Masikio marefu yakachomoza.

"Hik!"

Fyu! Yakapotea.

Machozi yalimlengalenga Talaso. "Nirudishe nyumbani, Baba. Mimi ndiye ninayemfukuza."

"Hapana. Tumekuja wawili, tutamngoja wawili."

Basi Talaso akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

*Kimya, kimya, tumngoje.*
*Atatoka, tumwone.*

Wakangoja. Wakangoja sana.

Kwaru, kwaru... Mbona sauti inatoka nyuma?

Talaso aligeuka polepole. Kumbe shimo lilikuwa na mlango wa pili, karibu kabisa na miguu yake! Muhanga alikuwa amesimama pale. Na ubavuni mwake, mtoto mdogo, ngozi yake imejaa mikunjo.

Talaso alishtuka. Kwikwi ikakatika palepale!

Baba akamsogezea kamera taratibu. "Bonyeza wewe. Uko karibu."

Klik!

Muhanga hakukimbia. Alilamba mchwa, mwanawe akalamba mchwa, kisha wakaondoka zao, mama mbele, mtoto nyuma.

Baba alitazama picha. "Wawili, Talaso! Na mmoja ni mtoto!" Akacheka bila sauti, mpaka tumbo likatikisika.

Akambeba mgongoni kurudi nyumbani.

"Baba, yule mtoto anaitwa nani?"

"Wewe ndiye uliyempiga picha. Mpe jina."

Talaso akafikiri. Akafikiri. Akaegemeza shavu begani kwa Baba.

Na kabla jina halijaja, usingizi ukafika.