Baba Aliniponda Mbele ya Mwalimu wa Bale

Nina miaka ishirini na minne, nauza mitumba Kasulu. Wateja husema mimi ni mgumu kama muhogo mkavu. Chenji nahesabu mara mbili, hata ikiwa ya mama yangu mzazi. Lakini haya sijawahi kumwambia mtu, ndugu wasomaji...

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukiishi Kibondo. Shuleni kwetu alihamia mwalimu kutoka Dar, Madamu Neema. Kila Jumamosi alisogeza madawati ukutani akawafundisha wasichana bale, ile dansi ya kuruka na kutua bila kishindo. Mimi nilichungulia dirishani. Siku moja akaniita ndani. Nikashika ukingo wa dawati, nikainua mguu kama wenzangu.

"Wewe una mgongo wa dansi," akasema. "Njoo na baba yako."

Wavulana waliniita bibi harusi. Sikujali. Wao nani aliwaambia wana mgongo?

Baba naye alikuwa muuza mitumba. Jumamosi iliyofuata tukaenda. Madamu alipotaja ada, baba alinitazama juu hadi chini, kama koti lenye tobo.

"Huyu? Madamu, iangalie hiyo miguu, utadhani mbuzi wa Busunzu. Mzito, mvivu, halafu wa kiume. Huyu utapoteza muda wako bure."

Nikatoka. Sikukimbia, nilitembea tu mpaka nyumbani. Nililia? Hapana. Nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi... upo, lakini si wako.

Baba alinikuta nachambua maharage. Akasema Jumamosi naanza. Nikajua Madamu amenihurumia. Nikamjibu sitaki tena.

"Haya," akasema. Hakuuliza, nami sikueleza.

Madamu alikuja nyumbani mara moja kuniulizia, nikajificha jikoni. Baadaye akahamishwa, na bale ikaondoka naye. Shule nayo ikanishinda. Nikamfuata baba kwenye biashara, tukahamia Kasulu.

Mwaka jana tulikwenda Manyovu kununua vitenge kwa mama mmoja wa Burundi. Baba akachagua kile kizuri kuliko vyote, kisha akaanza kukitukana: rangi imepauka, nyuzi nyepesi, hata mkwe wake hawezi kukivaa. Bei ikashuka. Tulipotoka akaniambia kwa fahari, "Mwanangu, kitu ukikitaka sana, kiponde sana."

Nikasimama njiani.

"Na siku ile kwa Madamu Neema?"

Akacheka. "Ah, siku ile! Alikubali nusu ya ada. Sijawahi kupatana vizuri vile. Tatizo wewe mwenyewe ukakataa."

Kisha akaniona uso. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kumbe uliamini?"

Akajitwika furushi la vitenge mwenyewe, ingawa siku zote nabeba mimi, akatangulia. Mpaka leo hatujalizungumza. Tunakula pamoja, tunauza pamoja. Simchukii. Sisikii kitu... Nani angenirudishia miaka ile? Duka gani linauza?

Wazazi wenzangu wa kesho, mvulana wako akitaka kujifunza bale, mpeleke. Wakimcheka, simama naye hapo wanapomcheka. Na kama ada ni kubwa, pataneni, hata mimi ningepatana. Ila mtoto abaki nje, mbali, asikokusikia. Yeye hajui kwamba mnajadiliana.

Anadhani hiyo ndiyo bei yake.