Mpaka Mdomo Uamke

Soko kuu la Bunia siku ya Jumatano halina adabu. Pikipiki hupita katikati ya nyanya, wauza samaki wakavu hugombana na wauza sabuni, na mtu akisimama kufikiri husukumwa. Ndiyo maana Falone alimwona haraka yule kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya maharagwe akifikiri. Maharagwe hakuyatazama. Alikuwa anaitazama mizani iliyoning'inia kwenye boriti.

"Balansi yako inafika kilo ngapi?" aliuliza.

"Cinquante, hamsini. Unataka maharagi kilo cinquante?"

"Hapana. Nataka kupima mutoto."

Falone alimkagua kuanzia viatu, vilivyong'arishwa asubuhi na sasa vimekuwa vyekundu kwa vumbi, mpaka usoni. Akamwambia hapa watoto hawauzwi, ajaribu kwa wauza mbuzi. Kijana akacheka mpaka muuza chumvi wa meza ya pili akageuka. Meno yake yalikuwa mazuri mno, na sababu ikajulikana palepale: aliitwa Emery, daktari wa meno, na kabine yake, chumba cha kutibia, ilikuwa nyuma ya soko. Mizani yake iliharibika. Siku hizi ilimpa kila mtu kilo thelathini, hata kiatu kitupu.

Akaeleza, na Falone akasikiliza kuliko alivyotaka kuonyesha. Dawa ya ganzi ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, si kwa miaka yake. Watoto wa kambini, wale waliokimbia vita vya Djugu, unaambiwa huyu ana miaka minane, na mwili ni wa mtoto wa mitano. Daktari akifuata miaka, anamzidishia. Falone mwenyewe alikuwa wa kambini, aliyekimbia kutoka Bule miaka minne nyuma, na watoto wa namna hiyo alilala nao chini ya turubai moja. Wageni wengi waliwatazama watoto wale kwa huruma isiyofika popote. Huyu alitaka kilo tu, na hilo lilimgusa. Akaifungua mizani kwenye boriti akampa.

Ikawa desturi. Kila Jumatano Emery aliichukua mizani asubuhi na kuirudisha jioni, na siku nyingine alipiga simu kuuliza mizani imeamkaje.

"Iko muzima," Falone alijibu. "Inauliza juu ya nini unakondaka."

"Iambie nakondaka juu ya mwenye balansi, mama ya maharagi."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Falone alimpenda, na hakujifichia hilo moyoni. Lakini Emery alikuwa wa familia ya wafugaji wa ng'ombe wa upande wa Irumu, na yeye ni wa wakulima wa Djugu. Katika mji huu bunduki zikinyamaza kidogo, watu huuziana maziwa na maharagwe na hutaniana vizuri tu, kisha jioni kila mmoja hurudi kwa watu wake. Kuoana ni habari nyingine. Emery aliposema anataka kuja Jumapili kumsalimu Anaclet, kaka yake mkubwa, Falone alipeleka ujumbe. Anaclet alikubali kwa kuinamisha kichwa. Falone akapeleka kwa fundi kitenge chake cha njano kishonwe kabla ya siku hiyo.

Alhamisi, jino la Claire likawaka.

Claire alikuwa binti wa Anaclet, mwenye miaka sita. Mama yake hakufika Bunia, na Falone ndiye aliyembeba mgongoni njia nzima. Ijumaa asubuhi, shavu likiwa limevimba, alimpeleka kwa Emery. Mizani, aliyokuja nayo kutoka sokoni, ilitundikwa kwenye boriti ya mlango, Claire akakalishwa ndani ya kitenge kilichofungwa kwenye ndoano, akabembea kama mtoto mchanga. Kilo kumi na sita.

Emery alifungua kabati akasimama mbele yake kwa muda mrefu. Alikuwa anatumia dawa mbili, alimweleza Falone. Moja imechanganywa na adrenalini: ufizi hulala vizuri, lakini na mdomo nao hulala masaa. Ya pili haina, na mdomo huamka mapema. Kwa watoto wadogo alipendelea hiyo ya pili, kwa sababu mtoto mwenye mdomo uliokufa ganzi huutafuna bila kujua, anaona mchezo. Tabu ni kwamba boksi la dawa fupi lilikuwa tupu. Jipya lilikuwa ndani ya lori kwenye barabara ya Mahagi, likingojea askari wa kulisindikiza, na hakuna aliyejua lingefika lini. Angependa kungoja. Falone akasema mtoto hajala wala kulala siku mbili.

Basi Emery akachagua dawa ndefu. Alipiga hesabu kwa kilo kumi na sita, akaiandika, akaipiga tena. Akapaka kwanza dawa ya kulaza ufizi juu juu ili sindano isisikike, akamwuliza Claire majina ya mbuzi wote wa kambini, na walipofika kwa mbuzi wa saba jino lilikuwa ndani ya sahani. Kisha akakata kipande cha sparadra, plasta ya kufungia kidonda, akaandika 14h, yaani saa nane mchana, akakibandika kwenye kifua cha gauni la Claire.

"Mpaka saa nane asitafune kitu. Maji tu, na umuangalie. Rudilia."

"Mpaka saa nane asitafune kitu, Dokta," Falone alirudia, akicheka, kwa kuwa macho ya Emery yalikuwa yanasema mengine kabisa.

Ilikuwa saa tano walipofika mezani pa maharagwe. Maumivu yalikuwa yamekwisha, na Claire akavuta sketi ya shangazi yake.

"Niko na njaa."

Hapa inabidi kusema jambo ambalo Falone hakumwambia mtu. Walipokimbia Bule walilala siku tatu porini, na Claire, mtoto wa miaka miwili, alikuwa analia neno hilohilo. Watu wenye mapanga walikuwa wanapita chini ya kilima. Falone alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, akakaza mpaka sauti ikakatika, na kwa muda hakujua kama amemnyamazisha au amemwua. Tangu siku hiyo aliapa kwamba Claire hatasema "niko na njaa" mara mbili mbele yake.

Akamnunulia andazi. Alijiambia ni laini, atatafunia upande mwingine. Sparadra akaibandua, maana ilikuwa inamtazama. Kisha wateja wakaja, na hakugeuka tena.

Jioni mdomo wa chini wa Claire ulikuwa umevimba na kuchubuka, mweupe ndani kama nyama iliyochemshwa. Ganzi ilikuwa imetoka na mtoto alilia hata kwa kupumua tu. Anaclet alishika taa, akatazama, akauliza nani alimdunga. Aliposikia jina, akaiweka taa chini polepole.

"Bale batu hawakutumaliza na panga," alisema. "Sasa wanakuja na sindano."

Falone alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja la kusema, mandazi, na hakulisema. Kesho yake kambi nzima ilikuwa inajua kwamba daktari wa watu wa ng'ombe anawaozesha watoto wa Djugu midomo. Ziara ya Jumapili haikuzungumzwa tena.

Emery alipiga simu Jumamosi.

"Falone, nimesikia. Alikula kitu mbele ya saa nane?"

Alikuwa na nafasi nyingine pale, na hii ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza.

"Hapana. Hakukula."

Falone akasikia Emery akifunua karatasi za hesabu.

"Basi njo kosa yangu," Emery alisema. "Nilipashwa kungoja ile dawa ingine. Umuambie Claire pole."

Jumanne Falone alimwona Monique, mwenzake wa kambini, akipita sokoni na mtoto mgongoni, shavu la mtoto limevimba mpaka jicho limefumba. Monique hakuwa ameamini maneno ya kambini. Alikuwa ametoka kwa Emery. Alikuta karatasi mlangoni: watoto hawatibiwi mpaka dawa ya barabara ya Mahagi ifike. Alibisha hata hivyo, na daktari akamjibu kwa upole kwamba haiamini tena mikono yake kwa watoto, awahi hospitali kubwa. Falone alibaki na kikombe cha maharagwe hewani. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Jumatano kamati ya kambi ilimwita Emery. Alikuja peke yake, shati jeupe halina pasi, akakaa kwenye benchi chini ya turubai huku Anaclet amesimama mbele yake. Watu walijaa mpaka nje. Emery alianza kusema kwamba dawa aliichagua yeye, na lawama ni yake. Falone akasimama.

"Ni miye," alisema. "Aliniambia mpaka saa nane, akanirudilisha. Miye nilimupatia Claire mandazi, nikatosha sparadra. Aliponiuliza ku simu, nikamudanganya. Dawa haikukosa kitu."

Akasimulia na porini, na kiganja chake. Wanawake kadhaa walitazama chini. Walikuwa na viganja vyao. Anaclet aliketi kwenye benchi, karibu na Emery.

Falone alimfuata Emery mpaka kwenye njia ya pikipiki. Emery hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Batu wakisema niko muuaji, naweza kuvumilia," alisema. "Lakini weye nilikuuliza. Siku ine nimefanya ile hesabu mu kichwa, kilo seize, kilo kumi na sita, natafuta fasi nilikosa."

"Nisamehe, chéri wangu."

"Nasikia," akajibu, na akaenda. Jioni mizani, iliyokuwa imebaki kwake tangu Ijumaa, ilirudishwa na mwenye pikipiki.

Ilikaa wiki nzima juu ya gunia. Simu haikuuliza imeamkaje. Jumatano iliyofuata, alfajiri, Anaclet aliyekuwa hajamsemesha dada yake tangu kikao alikuja akaichukua mizani akampa mkononi.

"Pelekea ye balansi yake. Bila balansi atapima batoto na nini?" Akasita. "Na Claire umupeleke. Jino ya upande ingine inamuuma."

Lori lilikuwa bado barabarani. Emery alitazama mizani, akamtazama Claire, akasema dawa iliyopo ni ileile. Falone, aliyevaa kitenge cha njano bila kujua anakivalia nini, akamjibu kwamba anajua. Atakaa kwenye benchi ya nje na Claire mpaka mdomo uamke. Na watoto wengine waletwe, atakaa nao wote. Jumatano maharagwe yatapumzika. Emery aliibandua karatasi mlangoni, akaitundika mizani. Kilo kumi na saba.

Saa tano jino lilikuwa limetoka, na wakawa kwenye benchi, sparadra kifuani, 14h.

"Shangazi, niko na njaa."

Falone alikunja viganja, akavifunua, akamkalisha mtoto mapajani.

"Najua, mama. Sema tu, nakusikia. Hatutakula mpaka saa nane, weye na miye."

Claire alisema tena na tena, kwa sauti, na hakuna aliyemziba. Monique alifika na mwanawe, aliyetibiwa hospitali na kuambiwa akakaguliwe na daktari wa meno, akakaa nao. Kila mgonjwa alipotoka Emery alichungulia mlangoni, na mara ya nne alitoka kabisa akaketi upande wa pili wa Claire, dawa ya kuoshea mikono ikimnukia.

"Nataka kutuma wazee kwa Anaclet," alisema taratibu. "Kama weye unapenda."

"Ngoja saa nane," Falone alisema. "Leo sijibu kitu mbele ya saa."

Wakangoja. Jua likahama kwenye kuta. Saa nane ilipofika Claire alijifinya mdomo wa chini, akakunja uso, akajifinya tena.

"Inauma," alisema.

Falone akambusu kichwani, akainua macho kwa Emery. "Ndiyo," akamwambia, kisha akamtuma akalete mandazi matatu.