Petroli ya Kuoshea Vyuma

Ambroise iko fundi ya mashini hapa Bunia. Kila asubui anaosha vyuma ndani ya beseni ya petroli, yale mafuta ya taa. Bibi yake, Denise, anapika chai mbali kidogo, juu ya moto.

Siku moja Mama Solange alifika. Yeye njo anasagia watu ya mutaa yote muhogo, pamoja na wale wengi wenye walikimbia vita ya Djugu. Mashini yake ya kusaga ilikufa tena, mara ya pili. Ambroise aliitengeneza juma iliyopita tu.

"Papa Ambroise," alisema pole, "watoto wanalala njaa. Ikikufa tena, sitarudia kwako."

Ambroise alifungua mashini. Rulma mupya, ile beringi yenye alitia juma iliyopita, ilikwaruzika, ndani ilijaa muchanga. Haya ilimushika. Aliapa kama aliosha kila kitu muzuri.

Jirani yao, muzee Katsuva, mwenye alitengeneza makamio, yale malori ya barabara ya Niania, miaka mingi, alikuja kuangalia. Alitia kidole ndani ya beseni, akakisugua. Ilikuwa muchanga.

"Hii petroli iko hapa tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Pasaka ya mwaka gani?"

Denise alicheka mpaka chai ikamwangika.

Ambroise alijitetea. Barabara imefungwa, petroli iko bei kali. Nani anaweza kuimwanga wakati ya vita?

"Nani alikuambia uimwange?" Katsuva alijibu. "Denise, ukichota maji ya muto kisha mvua kunyesha, unafanya nini?"

"Ninaiacha itulie."

"Basi, petroli pia ni vile."

Walitia petroli ndani ya bido, ile dumu ya plastiki, wakaifunga, wakaiweka siku mbili bila kuitikisa, mbali na moto. Beseni walikwangua matope yote, wakaipanguza. Ambroise alitaka kutupa yale matope kwa mufereji. Katsuva alikatala, sababu mufereji unashuka kwa chemichemi yenye watu wanachota maji. Waliyatia ndani ya kopo ya kufunika.

Siku ya tatu, petroli safi ilikuwa juu, matope chini. Waliimwanga polepole ndani ya beseni kupitia kitambaa, wakaachia pale matope ilianza. Kwa litre kumi, saba ilibaki. Waliongeza tatu tu ya mupya.

Katsuva aliongeza beseni ya pili. Ya kwanza ni ya kutoa matope, ya pili ni ya kumalizia. Alisema tena: petroli ikitulia na ikabaki nyeusi, imeisha, ubadilishe yote. Na usioshe na esanse, ile ya kutia ndani ya motokari, hata siku moja, inashika moto mbio sana.

Ambroise aliosha vyuma mara mbili, akatia rulma ingine. Mashini ilienda.

Kisha mwezi moja kupita, Mama Solange alitokea kwa mulango. Ambroise aliachia chuma ndani ya beseni.

"Imekufa?" aliuliza.

Mama Solange alikuwa na unga mpaka kwa nyusi. "Inasaga mpaka majirani wanalalamika kelele. Nimekuya kuwaita. Bugali imeiva, na samaki ya ziwa, ya Tchomia. Muzee Katsuva ameisha kaa kwa meza, na yeye haachiake mutu chakula."

Ambroise hakunawa hata mikono muzuri. Denise alimurudisha kwa sabuni, wakakimbia.