Acha Tone Moja

Bomba lilikuwa linadondosha, na tone halikufika chini. Ndiyo, umesoma vizuri, usifikiche macho. Tone lilivimba kwenye koki, likaachia, kisha ikasikika *gu*, kama mtu anameza, na hodhi la kuogea likabaki kavu kama koo la mlevi asubuhi.

Mtu mwenye akili angebeba spana zake na kwenda zake. Lakini aliyeitwa ni Fundi Kaza, kijana mwenye mikono kama koleo na mdomo usiojua likizo.

"Bibi, bomba hili limekuzidi umri," alimwambia mwenye nyumba, ajuza mfupi aliyesimama mlangoni.

"Na litakuzika wewe, mjukuu wangu. Badilisha, mke wa mwanangu kachoka na kutu. Ila usilikaze mpaka mwisho. Acha tone moja."

"Niache tone? Mimi? Bomba nikilikaza mimi hata jasho halipiti! Ukitaka tone, Bibi, lia."

Ajuza hakucheka. Alishusha sauti. "Kuna anayekunywa humo. Kazoea."

"Panya?"

"Ingekuwa panya ningefuga paka."

Kaza alicheka mpaka vigae vikarudisha kicheko. Akafungua koki kuukuu na bomba la mvua la juu, akakuta tundu la ukutani limezibwa na uchafu mweusi. Fundi mwingine angechokoa kwa waya. Kaza alikuwa na mtindo wake: aliweka midomo kwenye bomba na kupuliza. Pumzi ikaenda, haikurudi. Halafu kitu kule ndani kikavuta, kama mtoto anavyovuta mrija wa soda, mashavu ya fundi yakabonyea. Alijing'oa, akatema. Mdomoni mlibaki ladha ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

"Hewa tu," akajiambia, akaanza kupiga mluzi, maana mwoga hujifanya mwanamuziki. Akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za kukazia koki mpya, akafunga na la juu, akakaza mpaka spana ikalia.

"Bibi! Fungulia maji!"

Maji yakaguruma ukutani. Koki haikutoa hata unyevu.

"Unaona? Kavu!"

*Kach.* Mlango ukajifunga.

Alivuta kitasa, kikazunguka bure. Alipiga bega, mlango ukapokea bega kama ukuta. Jua la saa sita lilikuwa linaingia kwenye kidirisha kisichopitisha hata kichwa, mchana kweupe, na ndani ya mchana huo mluzi wake ukaendelea ukutani kutoka pale alipouachia. Harufu ya kisima ikapanda kwenye tundu la hodhi, hodhi likalia kwenye miguu yake ya chuma kama vile mtu mnene amejilaza humo, na Kaza, aliyebanwa kati ya hodhi na mlango, hewa ikimpungukia, akahisi jasho likimtiririka usoni, likajikusanya kidevuni, likadondoka, na kabla halijagusa sakafu akasikia, karibu kabisa na shingo yake, *gu*.

"Bibi," aliita. Sauti ilikuwa imekonda. "Bibi yangu mpenzi."

"Umekaza?" Ajuza alinong'ona upande wa pili.

"Nimekaza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Bibi."

"Basi ana kiu. Legeza upesi, asije akakunywa wewe."

"Kashaanza, Bibi, kashaanza!"

Akashika spana, na hapo ndipo alipoilaani mikono yake mwenyewe, kwani koki iliyokazwa na Fundi Kaza hailegei, aliwaambia watu hivyo mtaa mzima, na sasa aliivuta huku ulimi umemkauka kama kiatu, macho yakimkwaruza yanapopepesa, huku kitu kikimlamba jasho mgongoni taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua mgeni haendi popote, mpaka nyuzi zikatoa kilio na koki ikasogea unywele mmoja.

Tone likavimba. Likaachia. *Gu.*

Mlango ukafunguka.

Kaza alianguka ukumbini, miguuni pa ajuza, ambaye alirudisha mlango na kutega sikio.

"Umeacha tone?"

Akatikisa kichwa kukubali.

*Gu.*

Ajuza akakunja uso. Akaangalia mlango wa bafu, kisha koo la fundi, akarudi nyuma hatua.

"Bomba liko huko ndani. Sasa nani anameza hapa?"

Kaza alifungua mdomo kujibu. Ukatoka mluzi, ule ule, naye hakuwa amepuliza.

"Mjukuu wangu," ajuza alisema polepole, "ulitia mdomo kwenye bomba?" Hakungoja jibu. "Nenda kwenu. Ukilala, usiufunge mdomo. Umesikia? Acha upenyo."

Usiku ule Kaza alilala chali, kinywa wazi, mate yakidondoka kwenye mto. Mkewe, mwanamke mwema, alimtazama akamwonea huruma. Kwa kidole kimoja akamsukuma kidevu, midomo ikakutana.

Mlango wa chumba ukajibu: *kach.*