Kichwa Kilichoinama Kisimani

Mama Justa aliapa kwa macho yake mawili: Valerian, yule anayemchumbia Serafina, kaonekana kisimani Ibadakuli mbele ya binti mwingine, Philomena, kichwa kakiinamisha mpaka kidevu kinagusa kifua.

— Anambembeleza, mwanangu. Mwanamume haangushi kichwa hivyo bure.

— Alikuwa anasema nini, Mama Justa? — Serafina aliuliza.

— Kimya tu! Mwenye kosa ana la kusema?

Jioni hiyo mshenga angekuja kuchukua neno la mwisho la Serafina. Binti hakulia wala hakununa. Alijitwisha mtungi wake akaenda kuona mwenyewe.

Valerian alikuwepo, na kweli kainama. Lakini mbele yake palikuwa na kata ya kibuyu tu, imeachwa juu ya jiwe, inadondosha maji. Kifuani kakumbatia kisanduku cheusi cha kupigia picha, alichorudi nacho kutoka vita vya Bama, walikopigana na Wajapani.

— Unamsujudia nani?

Valerian nusura akiangushe.

— Serafina! Kioo chake kiko juu. Usipoinama huoni kitu.

— Na Philomena?

— Alichota maji akaenda zake. Kanisalimu, sikumsikia, kanitukana.

Serafina akauma mdomo asicheke.

— Yaani muda wote huu unatazama kata?

— Kule Bama kila kitu nilikiona nikikimbia. Sasa natazama kimoja kimoja. Moyo ukitulia, nabonyeza. Siku nyingine sibonyezi kabisa, narudi nyumbani nimeshiba.

— Nipe na mimi nishibe.

Akatua mtungi, akainama. Ndani ya kioo kidogo, tone la maji lilining'inia ukingoni mwa kata, limebeba mbingu nzima. Alilingoja. Likadondoka. Taratibu akamgeuzia Valerian kisanduku. Kijana akakaza mabega kama yuko gwaride.

— Usijipange. Kaa kama kata.

Mabega yakashuka. Macho hayakumkwepa. Serafina akatazama, akatazama tena, hana haraka.

Sauti ya Mama Justa ikapaa kutoka njiani:

— Jamani! Leo Serafina ndiye anayembembeleza!

Wote wawili wakacheka, lakini Serafina hakuinua kichwa.

— Serafina, — Valerian alisema polepole, — mshenga akija jioni, mwambie ndiyo.

Kichwa cha Serafina bado kimeinama. Kidole chake kiko juu ya kibonyezo, hakijabonyeza; anangoja moyo utulie.