Mkanda wa Pande Mbili

Kila asubuhi ya likizo Judica aliosha vyombo, akapiga deki, kisha akamkunjia mama yake vitambaa. Waliishi chumba kimoja mtaa wa Kangle, Guangzhou, Uchina, ambako cherehani za majirani huanza kulia kabla ya chai.

Baba yake, Vedasto, alikuwa akisomea hisabati chuo kikuu huko. Alichunguza maumbo yanayokatwa na kuungwa upya: kipi hubaki vilevile, kipi hupotea. Mama Judica alimshonea mkanda mweupe wa duara. Baba mwenyewe akachora mishale kwenye mshono, kuonyesha ncha zikutane vipi. Jumatatu angeutumia kutetea utafiti wake mbele ya walimu. Alikwishashindwa mara moja. Akishindwa tena, ufadhili ungekatwa.

Jumapili Judica akauvaa kiunoni mbele ya rafiki yake Grâce, msichana wa Kikongo. Ukanasa.

"Ona hiyo kiuno!" Grâce akacheka. "Imekwama kabisa, ma chérie!"

Judica akashikwa na hofu, akaukata pale kwenye mshono. Wakakimbilia mashine ya ovaloki ya mama yake Grâce, ile inayoshona huku kisu chake kikipunguza ukingo. Kufumba na kufumbua mkanda ukaungika, na ukingo uliokuwa na mishale ukaanguka sakafuni.

Asubuhi ya Jumatatu, kungali giza, baba akaupapasa. "Judica, mbona mshono umenenepa? Umeugusa?"

"Hapana, baba."

"Basi mama yako ameukaza." Akautia mfukoni. Alimwamini.

Chuoni, Judica na mama yake walikaa barazani, mlango ukiwa wazi. Baba akawaambia walimu, "Nitachora mstari upande mmoja. Upande wa pili utabaki mweupe."

Akachora, akazunguka hadi alipoanzia. Akaugeuza mkanda. Wino ulikuwa pande zote mbili! Akautazama kama mtu aliyepotea nyumbani kwake.

"Bwana Vedasto," profesa akauliza taratibu, "upande wa pili uko wapi?"

"Sijui," baba akajibu. "Labda nimekosea tangu mwanzo."

Akatoka, akaketi chini na suti yake. "Mama Judica, funga mizigo. Miaka minne najidanganya. Akili yangu imekwisha." Machozi yakamtoka. Judica hakuwahi kumwona baba yake akilia.

"Baba, ni mimi," akasema. "Niliukata, nikauunga. Mishale ilikatwa na mashine."

Baba akaufuata mshono kwa kidole. "Ncha moja uliipindua," akasema hatimaye. "Ukiunga hivyo, pande mbili huwa moja."

Mama akachomoa pini kwenye gauni lake, akampa. Baba akarudi ndani, akaeleza, akaukata mkanda mbele yao na kuubana sawasawa. Walimu wakamsikiliza hadi mwisho, wakampitisha. Lakini sauti yake haikurudi kama ya mwanzo, na maswali mawili aliyoyajua vizuri yalimshinda.

Njiani mama akamshika Judica mkono, akaubana sana.

"Kukata ulikata kwa utoto, mwanangu, na hilo ningelirekebisha kwa dakika tano. Lakini alipokuuliza ukasema hapana, ulimwacha aende kuitilia shaka akili yake mbele za watu. Leo pini zimetusaidia. Siku nyingine utasema ukweli tukiwa tumeshapanda ndege ya kurudi nyumbani."

Judica akamtazama baba yake aliyetangulia peke yake, mabega yameanguka, na hakuthubutu kumwita.