Hereni za Kitambaa cha Bibi

Haya alinisimulia rafiki yangu, fundi wa vito. Mdogo wake alikuwa akiolewa alasiri moja, naye akamtengenezea hereni kwa kitambaa alichodarizi marehemu bibi yao, ambaye kila mara alilowesha ncha ya uzi kwa mate. Alikata maua mawili, na kwa haraka akaziba kingo kwa gundi tu bila kufunga nyuzi.

“Dada, zinanichoma,” bibi harusi alilalamika alipovalishwa.

“Zizoee. Hata mume atakuchoma.”

Umeme ukakatika, na chumba hakikuwa na dirisha. Gizani ulisikika uzi ukipita, ukikazwa, ukipita tena.

“Dada, acha kushona!”

“Sishoni. Mikono yangu yote miwili imekushika.”

Taa zilipowaka, hereni hazikuvulika. Nyuma ya kila ndewe ya sikio kulikuwa na mishono mitano myekundu, na ncha ya uzi ilikuwa bado imelowa mate.